Vidole viwili chini ya mfupa

Kinachowaponza wengi, anasema dada huyu, ni kola ya shati.

Ni muuguzi, mzaliwa wa Moshi, anayechoma chanjo ya mafua katika zahanati moja ya Maryland, Marekani. Jina ameomba nilihifadhi. Msimu ukianza, watu humjia wakitoka kazini, haraka zimewajaa, shati la mikono mirefu mwilini. Ukimwambia mtu avue, anafungua vifungo viwili na kuishusha kola begani.

"Hapo kinachoonekana ni kilele cha bega tu," aliniambia kwa simu. "Yeye amekaa, wewe umesimama. Unachoma ulipoiona ngozi, siyo panapotakiwa."

Panapotakiwa ni wapi? Alinifanya nijipapase mwenyewe. "Tafuta ukingo wa mfupa juu ya bega. Umeupata? Sasa shusha vidole viwili, hata vitatu. Umefika kwenye nyama nene. Ndiyo hapo." Sindano ikipanda juu ya hapo, yaweza kuingia kwenye kifuko chembamba kinachokilainisha kiungo. Dawa ikimwagikia humo, mwili unaanza vita mahali pabaya. Kesho yake mtu anashindwa kuinua mkono achane nywele. Wengine hukaa hivyo miezi.

Nilimtafuta baada ya kusoma hukumu za mahakama ya madai ya shirikisho kule Washington na kukuta mabega, bega baada ya bega. Kumbe kuna mfuko wa fidia kwa walioumizwa na chanjo, uliotokana na sheria ya 1986. Kila sindano ya mafua inatozwa ushuru wa senti 75, na fedha hizo ndizo zinazolipa. Mwaka 2017 bega liliingizwa rasmi kwenye jedwali la madhara yanayofidiwa: maumivu yaanze ndani ya saa 48. Na kwa kawaida madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6. Anayedai ana miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Kwa maumivu na mateso, kikomo ni dola 250,000. Hata wakili aliyeshindwa hulipwa na mfuko, mradi kesi ilikuwa ya nia njema na yenye msingi.

Mdaiwa ni Waziri wa Afya. Aliyeshika sindano hayumo.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mgonjwa hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, na ni huruma kubwa hiyo. Lakini mkono ule uliokosea unajifunzia wapi?

Januari 2021 serikali ilitangaza kuliondoa bega kwenye jedwali, kwa hoja kwamba kosa ni la uchomaji, si la chanjo. Aprili ikabatilisha. Nilipomsomea hoja hiyo, dada alicheka. "Kwa hiyo sindano inajichoma yenyewe?" Kisha akatulia. Lingeondolewa, ni yeye na wenzake ambao wangeburutwa kwenye mahakama za kawaida, na analijua hilo.

"Nimechoma watu wengi, mdogo wangu. Kama nimemuumiza mmoja, nani ataniambia? Akiumia harudi kwangu, anakwenda kwa wakili."

Ungependa kuambiwa?

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nisingelala," akasema. "Lakini niambiwe."

Mlango ukalia upande wake. Mtu ameingia, na kwa sauti niliyoisikia vizuri kabisa, dada akamwambia avue shati lote.