Fedha za Umma na Shule za Binafsi (Sehemu ya Pili): Ramani Kwanza, Maombi Baadaye

Wiki iliyopita nilieleza namna ruzuku inavyofika katika shule za serikali tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada hadi kidato cha nne. Nilikomea kwenye swali ambalo wazazi na wamiliki wa shule wamekuwa wakiliuliza kwa muda mrefu. Mtoto anayesoma shule ya binafsi naye ni Mtanzania, na mzazi wake naye analipa kodi. Kwa nini basi serikali isimchangie? Wanaolikataa wazo hilo huzungumza kana kwamba halijawahi kujaribiwa hapa nchini. Limejaribiwa, tena kwa zaidi ya miaka arobaini, na matokeo yake tunaishi nayo hadi leo.

Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, akiwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka uliofuata Waingereza wakatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yao ya Afrika: serikali isimamie na kukagua, misheni ziendelee kufundisha, na zitakazotimiza masharti zipewe ruzuku. Oktoba 1925 wamisionari na maofisa wa serikali walikutana Dar es Salaam kupanga utekelezaji. Shule iliyokuwa na walimu wenye sifa, iliyofuata muhtasari wa masomo wa serikali na kumpokea mkaguzi, ilisaidiwa gharama zake, hasa mishahara ya walimu.

Mfumo huo ulizaa shule nzuri, na hilo lazima lisemwe waziwazi. Minaki ya Waanglikana, Pugu, Ihungo, Umbwe na Tosamaganga za Wakatoliki, Ilboru ya Walutheri: sehemu kubwa ya viongozi na wataalamu waliopokea nchi mwaka 1961 walipita huko. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha katika shule mbili za misheni, St Mary's ya Tabora na baadaye Pugu, kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955.

Lakini tazama fedha zile zilikwenda wapi. Ruzuku hupewa aliye na shule, na asiyekuwa nayo hana pa kuipokelea. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na misheni za muda mrefu, tena kulikuwa na kahawa, kwa hiyo mzazi aliweza kulipa ada na kuchangia jengo. Shule ikisimama, serikali ikaja kuongeza fungu lake juu ya kile kilichokwisha kuwapo. Maeneo mengi ya Pwani yalikuwa na vyuo vya Qurani vilivyofundisha kwa bidii, lakini havikufuata muhtasari wa serikali, kwa hiyo havikuhesabiwa. Wakati wa Wajerumani hali ilikuwa nyingine kidogo, maana shule zao za serikali, zilizoanzia Tanga miaka ya mwanzo ya 1890, hazikuwa za dini, na vijana wa Kiislamu walizitumia kuingia katika ukarani. Chini ya utaratibu wa ruzuku, mzazi Muislamu wa kijiji kisicho na shule ya serikali alibaki na mawili: ampeleke mwanawe misheni, ambako aliogopa angebatizwa, au amwache nyumbani. Hakukuwa na kifungu kilichosema Waislamu wanyimwe. Hakikuhitajika.

Naona hili ndilo jambo la msingi katika mjadala wote, na ndilo linalosahaulika upesi kuliko yote. Pengo lile lilitokana na kanuni iliyoonekana ya haki kwa kila aliyeisoma: timiza masharti, ulipwe.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikata shauri. Shule zilizokuwa zikiishi kwa fedha za serikali zikawa za serikali, na seminari zikaachiwa makanisa. Hatua ile ilifungua milango kwa watoto wa dini zote, lakini haikuongeza madarasa ya sekondari kwa kiasi kilichohitajika. Wazazi wenye uwezo wakaanza kujenga tena wenyewe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Safari hii hapakuwa na ruzuku, na bado Kilimanjaro na Kagera ndizo zilizotangulia. Pengo lilianza kuzibwa kwa upana baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, ulioeneza shule za kata. Wengi wanazidharau shule hizo kwa upungufu wa walimu na maabara, na upungufu huo ni wa kweli. Hata hivyo zilikwenda kule ambako hakuna mwekezaji aliyewahi kupiga hatua hata moja.

Je, leo serikali hailipi kabisa taasisi za binafsi? Inalipa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamkopesha kijana anayesoma chuo kikuu cha dini au cha mtu binafsi kama inavyomkopesha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika afya, wilaya ambayo haikuwa na hospitali ya serikali iliteuliwa hospitali ya kanisa iwe hospitali teule ya wilaya, na serikali ikachangia watumishi, dawa na uendeshaji. Bugando na KCMC ni za makanisa, na mishahara ya watumishi wao wengi hutoka Hazina. Kwa hiyo anayesema fedha ya umma haivuki uzio wa taasisi isiyo ya serikali anapingana na vitabu vya serikali yenyewe. Inavuka kila mwezi. Tunachopaswa kujadili ni masharti inayovuka nayo.

Majirani zetu wa Uganda walilijaribu hili kwenye sekondari. Februari 2007 walitangaza elimu ya sekondari kwa wote, huku maeneo mengi yakiwa hayana sekondari ya serikali. Wakaingia ubia na shule za binafsi za ada ndogo: kila mwanafunzi wa mpango huo alilipiwa shilingi 47,000 za Uganda kwa muhula, wakati shule ya serikali ilipata 41,000. Uandikishaji uliongezeka sana, na watafiti wa Benki ya Dunia waliofuatilia shule zilizoingia katika ubia hawakuona elimu ikishuka kwa sababu ya wingi huo. Lakini zile 41,000 zilikuja juu ya mishahara ya walimu ambayo serikali ilikwisha kuilipa, na zile 47,000 zilipaswa kubeba kila kitu pamoja na mwalimu. Fedha zikichelewa, mwalimu halipwi. Wazazi wakaombwa michango, na orodha za wanafunzi hewa zikajitokeza. Kuanzia mwaka 2018 serikali ikaanza kujitoa, ikasema fedha hizo zitajenga shule zake.

Mbali zaidi, Chile ilianza mwaka 1981 kulipa kwa kila mwanafunzi, awe shule ya manispaa au ya binafsi. Baadaye shule za binafsi zilizopokea ruzuku ziliruhusiwa kutoza ada juu yake, na nyingi zilichagua wanafunzi wa kuwachukua. Watoto wa maskini wakabaki kwenye shule za manispaa. Wanafunzi waliingia barabarani mwaka 2006, na tena mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2015 ikaanza kuondoa hatua kwa hatua ada ya nyongeza, uchaguzi wa wanafunzi na faida katika shule zinazopokea fedha za serikali. Iliwachukua zaidi ya miaka thelathini kuandika masharti yaliyopaswa kuwapo siku ya kwanza.

Kwa hapa kwetu, kuigawa ruzuku ya uendeshaji kwa kila shule ya binafsi hakutamsaidia mzazi. Ruzuku hiyo kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa shule inayotoza shilingi milioni mbili, huo ni mchango wa asilimia 1.25. Mzazi hatauona kwenye ankara, lakini shule ya kata itakayopunguziwa fungu itauhisi kwenye chaki na karatasi za mitihani. Kama wamiliki wanaona kodi na tozo zimekuwa nyingi mno, na malalamiko yao mengine yana msingi, hilo lijadiliwe kama suala la kodi.

Ninachokiunga mkono ni chembamba zaidi. Zipo kata ambako sekondari ya serikali iko mbali na shule ya dini au ya jumuiya iko karibu. Huko serikali iingie mkataba kama ilivyofanya kwa hospitali teule: ipeleke walimu wake, ilipe mishahara yao, na shule ipokee kila mtoto wa kata ile bila usaili, bila ada, bila mchango uliobadilishwa jina, na bila kumlazimisha kuhudhuria ibada isiyo yake. Hesabu zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Shule isiyotaka masharti hayo ibaki huru na ada zake, isilaumiwe.

Ila utaratibu usianze na barua za maombi za wamiliki. Tukianza hivyo tutarudi mwaka 1925, na walio na shule tayari ndio watakaotangulia foleni. Mkataba wa afya wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, uliogusa pia elimu, umeacha kinyongo kwa Waislamu wengi, na kinyongo hicho hakiondoki kwa kuwaambia wajenge zao. TAMISEMI ichore kwanza ramani ya kata ambazo mtoto anatembea mbali mno kufika darasani, iitangaze kwenye mbao za matangazo za halmashauri, kisha iseme wapi itajenga shule yake na wapi itaingia mkataba, na kwa sababu gani. Kata isiyo na shule yoyote ijengewe kabla ya mkataba wa kwanza kusainiwa.