Mfumo Mpya Dirishani: Namna ya Kuongoza Timu ya TEHAMA katika Kituo cha Afya

Kariakoo huamka mapema. Kabla jua halijapanda, wapagazi wameshashusha mizigo kando ya Mtaa wa Msimbazi, mama lishe wamewasha majiko, na mabasi ya mwendokasi yanashusha abiria Gerezani. Ndani ya umati huo wamo wagonjwa: mchuuzi mwenye homa asiyetaka kupoteza siku ya biashara, mjamzito anayewahi kliniki, mfanyabiashara wa mkoani aliyezidiwa akiwa safarini. Kwa vituo vya afya vinavyohudumia eneo la namna hii, dirisha la mapokezi ndilo lango la huduma zote. Likikwama, daktari hukaa bila mgonjwa huku wagonjwa wakikaa bila daktari.

Ndiyo maana kuingiza mfumo mpya wa kompyuta katika kituo cha afya si jambo la mafundi peke yao. Ni badiliko la namna watu wanavyofanya kazi, na mabadiliko ya kazi ya tiba hugusa uhai. Makala haya yanaeleza jinsi kiongozi wa timu ya TEHAMA anavyoweza kuyasimamia mabadiliko hayo ili yalete nafuu badala ya madhara.

Kutoka daftari hadi kompyuta

Kwa miaka mingi kumbukumbu za afya nchini Tanzania zimetunzwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye taarifa za jumla za vituo zikaanza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Hospitali na vituo vya umma navyo vikapokea mifumo ya kusimamia huduma ya kila siku, ukiwamo GoT-HoMIS, ambao humsajili mgonjwa, huandaa malipo, hupeleka vipimo maabara na dawa dirishani.

Tofauti kati ya hatua hizi mbili ni kubwa. Taarifa ya jumla hujazwa baada ya kazi kwisha, na ikichelewa siku mbili mgonjwa hadhuriki papo hapo. Mfumo wa huduma, kinyume chake, umo ndani ya kazi yenyewe. Mgonjwa asiposajiliwa, kipimo hakiombwi. Kipimo kisipoombwa, jibu halipo. Kwa hiyo kosa lililokuwa la karatasi sasa linaweza kuwa kosa la tiba.

Teknolojia ileile, matokeo mawili

Mwaka 2005 watafiti wa hospitali ya watoto mjini Pittsburgh, Marekani, walichapisha utafiti ulioshtua wengi. Walikuwa wamechunguza watoto waliohamishiwa hospitalini hapo kwa matibabu maalumu, kabla na baada ya kuanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuandikia maagizo ya daktari. Kabla ya mfumo, watoto 39 kati ya 1,394 walifariki, sawa na asilimia 2.80. Baada ya mfumo, walifariki 36 kati ya 548, sawa na asilimia 6.57.

Kompyuta haikumdhuru mtoto yeyote kwa mkono wake. Watafiti walieleza kuwa mfumo uliingizwa hospitali nzima ndani ya siku sita tu. Hapo awali, mtoto mahututi akiwa bado njiani, madaktari na wauguzi waliweza kuagiza na kuandaa dawa zake. Chini ya utaratibu mpya, maagizo hayakuweza kuingizwa mpaka mtoto afike na kusajiliwa. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zilihamishiwa famasi kuu, na watumishi waliokuwa wakizungumza ana kwa ana wakajikuta wamegeukia kompyuta. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba mfumo pekee ndio uliosababisha vifo, lakini ulionyesha wazi mahali ambapo kazi ilivunjika.

Mwaka uliofuata, hospitali ya watoto ya Seattle, iliyoingiza mfumo huohuo wa kibiashara, ilichapisha matokeo yake. Katika chumba chake cha wagonjwa mahututi vifo havikuongezeka. Huko, watumishi wa chumba hicho walikuwa wameshirikishwa kuandaa mapema seti za maagizo yanayohitajika mara kwa mara, ili daktari asianze upya kila dakika inapokuwa na thamani. Programu ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni maandalizi ya watu na ya kazi.

Anza na njia ya mgonjwa

Funzo la kwanza kwa kiongozi wa Kariakoo, basi, ni kuondoka kwenye chumba cha seva na kufuata njia ya mgonjwa. Afanye hivyo pamoja na mtunza kumbukumbu, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia na mpokea fedha, kwa sababu hao ndio timu halisi. Ofisa TEHAMA anajua namna programu inavyofanya kazi. Wao wanajua namna kituo kinavyofanya kazi.

Zoezi rahisi linatosha. Siku moja yenye wagonjwa wengi, wagonjwa ishirini wapewe kila mmoja kikaratasi, na kila dirisha liandike saa aliyofika na saa aliyoondoka. Jioni timu ikae na vikaratasi hivyo. Mara nyingi itabainika kwamba ucheleweshaji hautoki pale ulipodhaniwa. Huenda usajili huchukua dakika mbili tu, lakini mgonjwa hurudi dirisha la malipo mara tatu: kumuona daktari, kulipia kipimo, kulipia dawa. Hapo kununua kompyuta mpya ya mapokezi hakutapunguza foleni; kupanga upya malipo kutaipunguza.

Njia hiyohiyo hufichua hatari isiyoonekana kwenye foleni. Chukua mfano wa mama anayejiandikisha Januari kwa jina lake la kuzaliwa, Machi kwa jina la mumewe, na Juni kama "Mama Asha" kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Namba ya simu aliyoitoa mara ya kwanza ni yake, mara ya pili ni ya jirani. Mfumo sasa una watu watatu. Katika jalada la Januari imeandikwa kwamba penisilini humletea mzio mkali. Daktari wa Juni anafungua jalada jipya lisilo na neno hilo. Hakuna programu itakayomlinda mama huyu kama aliye dirishani hajafundishwa kutafuta kabla ya kusajili upya, kuuliza angalau vitambulisho viwili, na kuripoti majalada pacha ili yaunganishwe siku hiyohiyo.

Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia

Sekta ya afya nchini haianzi safari hii mikono mitupu. Tangu mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilipoanza majaribio kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA), hospitali nyingi za Tanzania zimetumia mbinu ya 5S na Kaizen, iliyotokana na viwanda vya Japani na uzoefu wa hospitali ya wanawake jijini Colombo, Sri Lanka. Watumishi wengi wanazijua S hizo tano kwa Kiswahili, na wamezoea kuzihusisha na makabati na stoo. Zinafaa pia kwa kazi ya TEHAMA.

Sasambua: ondoa fomu zisizotumika, akaunti za watumishi waliohama, na vipengele ambavyo hakuna anayevijaza. Seti: panga orodha za dawa na vipimo ili vinavyoagizwa mara nyingi vionekane kwanza. Safisha: unganisha majalada pacha na sahihisha majina yaliyokosewa. Sanifisha: kubalianeni namna moja ya kuandika majina, tarehe na namba za simu katika madirisha yote. Shikilia: fanyeni hayo kila wiki, hata pale mgeni wa ukaguzi hatarajiwi.

Kaizen yenyewe ni uboreshaji mdogo mdogo usiokoma. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Badala ya kubadili madirisha yote Jumatatu moja, timu ichague dirisha moja, ipange badiliko, ilijaribu kwa wiki mbili, ipime, kisha irekebishe kabla ya kuhamia dirisha jingine. Vipimo viwe vichache na vyenye maana: muda wa mgonjwa tangu kufika hadi kumuona daktari, idadi ya majalada pacha, idadi ya vipimo vilivyorudiwa kwa sababu majibu hayakuonekana. Matokeo yabandikwe mahali ambapo kila mtumishi atayaona, yawe mazuri au mabaya.

Anayekataa ana sababu

Hakuna badiliko lisilopata wapinzani. Kosa la viongozi wengi ni kuwaweka wote katika kapu moja na kuwaita wazembe. Kwa kweli wanaokataa ni wa aina tofauti, na kila aina inahitaji jibu lake.

Wapo wanaohofia aibu. Muuguzi aliyezalisha wanawake kwa miaka ishirini na mitano haoni haya kwa jambo lolote la wodini, lakini hutafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja mbele ya wanafunzi. Huyu asifundishwe mbele ya wagonjwa. Atafutiwe kijana mpole, waketi pembeni baada ya zamu, na kijana aanze kwa heshima inayostahili: "Shikamoo mama, naomba nikuonyeshe kidogo, nawe unieleze kazi inavyokwenda." Mafunzo ya namna hiyo huwapa wote wawili elimu.

Wapo wanaoogopa kupoteza kazi au kupunguziwa wajibu. Hawa wanahitaji kuambiwa ukweli mapema: nani atahamia wapi na atafanya nini. Wapo pia wachache wasiopenda mfumo kwa sababu unafunga mianya ya fedha. Kwao, jibu ni utaratibu ulio wazi na usimamizi usioyumba.

Lakini kundi lenye thamani kubwa kuliko yote ni la wale wanaokataa kwa sababu wameona hitilafu. Mfamasia anayesema, "Mfumo unaleta dozi ya mtu mzima ninapomhudumia mtoto," si mpinzani wa maendeleo; ni mlinzi. Kiongozi mzuri humpa njia ya kusema bila woga, humrudishia jibu kwa muda uliokubaliwa, na humruhusu kusimamisha hatua yenye hatari hadi irekebishwe. Swali la kuuliza ni "kitu gani kimekwamisha?" kabla ya "nani amekosea?" Penye hofu, makosa hufichwa, na kosa lililofichwa hujirudia.

Umeme unapokatika

Mfumo utazimika tu siku moja: umeme utakatika, intaneti itapotea, au seva itaharibika. Kituo kilichojiandaa huwa na mambo manne. Kwanza, fomu za karatasi zilizochapwa tayari katika kila dirisha. Pili, mtu anayejulikana, kwa kila zamu, mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba sasa inatumika karatasi. Tatu, utaratibu wa kurejesha taarifa hizo kwenye mfumo ndani ya muda uliopangwa, zikianza za mzio, dawa na majibu ya maabara. Nne, nakala rudufu ambayo imewahi kujaribiwa kurejeshwa kwa vitendo; nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Mazoezi yafanyike angalau mara moja kila robo mwaka, mchana, kila mtumishi akiwa kazini.

Siri ya mgonjwa

Foleni ndefu hushawishi watumishi kutumia akaunti moja, neno la siri likiwa limebandikwa pembeni ya kompyuta. Kwa kufanya hivyo, hakuna ajuaye nani alifungua jalada la nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Katika mitaa ambayo muuzaji, mnunuzi, mpangaji na mtumishi wa kituo hufahamiana, siri ikivuja mara moja mgonjwa hatarudi, na huenda ndiye aliye katikati ya dozi ya kifua kikuu. Hata hivyo karipio pekee halitoshi. Kama kuingia kwenye mfumo huchukua dakika tano, watumishi wataendelea kuazimana akaunti. Ni kazi ya timu kuufanya utaratibu salama uwe pia utaratibu mwepesi.

Sehemu ya mwananchi

Mgonjwa naye ni mshiriki wa mfumo huu. Anapokwenda kituoni abebe kadi yake ya zamani, atumie majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima, na aseme kama namba ya simu anayoitoa ni yake au ya mtu mwingine. Amwambie kila mhudumu, bila kungoja kuulizwa, dawa zinazomdhuru na dawa anazotumia, zikiwamo alizonunua duka la dawa. Akiona jina, umri au dawa isiyo yake kwenye karatasi, aseme hapohapo. Mtumishi anayemsikiliza na kusahihisha atakuwa amefanya sehemu muhimu ya kazi ya timu ya TEHAMA, hata kama hajui lolote kuhusu seva.