Karafuu ya Pemba na bei itokayo mbali

Ukishuka Wete au Mkoani msimu wa vuno, pua hutangulia kujua. Barazani, uani, hadi kando ya barabara, majamvi yametandikwa na karafuu zimeanikwa. Zikitoka mtini ni za kijani chenye wekundu. Siku nne za jua zikipita, zimekuwa kahawia na ukizivunja zinalia. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu.

Karafuu kavu huweza kuwekwa ikangojea bei. Iliyo mtini haingoji, kwani ikishachanua thamani imekwenda. Kwa hiyo vuno likiwa kubwa, wa kwanza kuchekewa ni mchumaji. Kila mwenye shamba anamtaka wiki ileile, na wanaojua kukwea mikarafuu ni walewale, basi ujira wa kila pishi inayochumwa hupanda. Vuno likiwa dogo, mchumaji huyohuyo ndiye anayebisha hodi kuomba kazi.

Bei ya karafuu yenyewe hutoka mbali. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Karafuu zikaadimika, bei ikapaa, na watu wakapanda mikarafuu Pemba kwa wingi. Tangu hapo Pemba ndiyo ghala la karafuu la Zanzibar.

Pigo jingine lilitoka kwa mnunuzi. Waindonesia huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao za kretek, na kwa miaka mingi walikuwa wateja wetu wakubwa. Bei nzuri ya miaka ya 1970 iliwatia hamu ya kupanda mikarafuu yao wenyewe. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Ilipofika miaka ya 1980 mteja alikuwa na karafuu zake, na bei ikaporomoka. Hapa wengi huchanganya mambo. Bei ikishuka kwa sababu karafuu zimejaa sokoni, walau kilo zinazouzwa huongezeka. Ikishuka kwa sababu mteja kaondoka, unauza kilo chache, tena kwa bei ndogo. Pemba ilipata maumivu ya aina hii ya pili, na nyumba nyingi zilizojengwa kwa fedha za karafuu zilibaki bila ukarabati.

Mashamba yakatelekezwa. Kwa kuwa bei ya vituo vya Serikali vya kununulia karafuu ilikuwa chini, karafuu nyingi zilivushwa usiku kwa majahazi kwenda Kenya. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipopandishwa sana, karafuu zilirudi vituoni. Mwaka ule haukuota mkarafuu mpya hata mmoja ukazaa. Nyingi kati ya zilizoongezeka ni zile zilizokuwa zikivushwa usiku.

Indonesia nao walikuwa wameshaonja uchungu wa bei mbaya. Miaka ya 1990 biashara ya karafuu ilipowekwa mikononi mwa Tommy Suharto, mtoto wa rais, wakulima walilipwa kidogo, wengine wakakata miti. Ukiritimba ulipovunjwa mwaka 1998 bei ilipanda, na waliofaidi ni waliokuwa bado na mikarafuu imesimama.

Ndugu mkulima, usiukate mkarafuu kwa hasira ya bei ya mwaka mmoja. Na mwenye nafasi apande sasa: mche utakaotiwa ardhini masika haya hautatoa pishi yake ya kwanza kabla ya miaka sita.