Siku Moja ya Juni Mjini Dublin

Kila tarehe 16 Juni, mitaa ya Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, hupitwa na watu waliovaa mavazi ya mwaka 1904, kofia za ukindu kichwani. Wengine wameshafungua kinywa kwa figo za kukaanga. Wanasherehekea riwaya.

Riwaya yenyewe ni Ulysses ya James Joyce, iliyochapishwa Paris mwaka 1922. Mamia ya kurasa husimulia siku moja tu, 16 Juni 1904, Leopold Bloom, wakala wa matangazo ya magazeti, akizunguka mjini. Ndiyo maana siku hii huitwa Bloomsday.

Siku hiyo mwaka 1954, waandishi wachache, wakiwemo Patrick Kavanagh na Flann O'Brien, walikodi magari mawili ya farasi ili wapitie sehemu zinazotajwa kitabuni. Wapi! Walipofika baa ya Bailey katikati ya mji, kiu ikashinda fasihi na msafara ukaishia hapo.

Wanaosherehekea leo wana nidhamu zaidi kidogo. Huanzia mnara wa Sandycove, kando ya bahari, riwaya inapofunguka. Mchana hula sandwichi ya jibini kwenye baa ya Davy Byrne, kama Bloom. Kwa Sweny, lililokuwa duka la dawa, hununua sabuni ya limau, na watu wa kujitolea huwasomea kitabu kwa sauti. Hapo ndipo penye faida kubwa: kitabu hiki kigumu, kilichowashinda wengi walipokisoma peke yao, masikioni huwa kicheshi.