Nilimdhania Muuza Maziwa, Kumbe Tumbo ni Langu

Kwa muda wa miaka mitatu nilimtuhumu mtu bure. Ni mzee anayetuletea maziwa kwa baiskeli mtaani kwetu. Siku moja nilimwambia uso kwa uso, "Ami, kuna kitu unatia katika maziwa haya." Akaniapia, "Wallahi mwanangu, sitii hata tone la maji." Sikumsadiki, maana kila nikinywa glasi asubuhi haupiti muda tumbo hujaa, hunguruma, kisha ni mbio chooni. Nikahamia maziwa ya pakiti. Mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na ninaandika kwa sababu najua siko peke yangu.

Maziwa yana sukari yake, iitwayo laktosi. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 12. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na zikiwa zimeshikana hivyo utumbo hauwezi kuzifyonza. Lazima zikatwe, na mkasi wa kuzikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga huzaliwa na mkasi mkali, kwani maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Lakini kwa takriban thuluthi mbili ya wanadamu, mwili hupunguza kuutengeneza baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria wa huko huichachusha wakatoa gesi. Ndiyo ile ngurumo.

Si wote walio hivyo. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa baadhi ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, hasa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya kurithi yanayouacha mkasi huo ufanye kazi hadi uzeeni. Basi jirani yako akimaliza lita nzima akatulia, usimwonee gere. Amerithi.

Sisi tuliobaki tunaokolewa na vijidudu. Bakteria wawili wanaogandisha yogati, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, wana laktasi yao wenyewe. Wakati wa kugandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndio ule ukali unaouonja. Kisha wakifika utumboni, nyongo huwapasua, na kimeng'enya chao kikamwagika na kuendelea kukata kilichobaki. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ililikubali jambo hili 2010, kwa sharti kwamba bakteria wawe hai. Kwa hivyo ukiichemsha yogati, umewaua na kimeng'enya chao umekiharibu.

Viwanda navyo vimewatia kazini wadudu wengine. Aina ya hamira iitwayo Kluyveromyces lactis hutoa laktasi inayofanya kazi vizuri ndani ya maziwa mabichi yasiyo na ukali. Kuvu aitwaye Aspergillus oryzae hutoa ile inayostahimili ukali zaidi, na ndiyo inayotiwa kwenye vidonge vya kumeza pamoja na chakula. Wenye aiskrimu huipenda laktasi pia, kwani laktosi ikiganda hufanya punje kama mchanga ulimini. Hata maji ya kisima hupimwa kwa njia hii: maabara huweka kemikali inayogeuka manjano ikikatwa na kimeng'enya cha bakteria wa jamii ya wale wa kinyesi.

Hapa niwaonye wenye kisukari. Maziwa yaliyoandikwa kwamba hayana laktosi aghalabu hayakutolewa sukari. Imekatwa tu vipande viwili. Tena vipande hivyo ni vitamu kuliko laktosi yenyewe, ndiyo sababu ukinywa utadhani yametiwa sukari.

Kwetu pwani tuna dawa zetu: iliki, tangawizi, kuchemsha mara mbili. Chai huwa tamu, lakini laktosi haiondoki kwa moto. Maziwa ya ngamia nayo yanayo. Tui la nazi halina kabisa, kwa hivyo mbaazi zako za asubuhi hazina lawama, lawama iko kwenye kikombe kilicho kando ya mahamri.

Wala usichanganye na mzio wa maziwa. Mwenye mzio akivimba midomo au kukosa pumzi, tatizo ni protini, na hakuna laktasi itakayomsaidia. Mtoto wa kunyonya akiharisha, asikatizwe ziwa la mama. Apelekwe kituo cha afya. Na mtu mzima anayeharisha damu au kukonda asijitibu kwa yogati.

Mwezi uliopita nilimngojea ami pale kwenye kona, nikamuomba radhi. Alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Sasa nanunua kwake nusu lita, nayachemsha, yakipoa hadi uvuguvugu natia kijiko cha yogati ya jana na kuyafunika usiku kucha. Bei hakunipunguzia.