JUA KALI LIKIFIKA, MAJI YA KUNYWA KWANZA



Kila mwaka kuanzia Septemba mpaka mvua zinapoanza, jua huwa kali sana hapa Malawi. Wakati huo huo foleni kwenye visima vya pampu inakuwa ndefu. Mvua zikikosekana hali inazidi kuwa ngumu. Ukame wa El Niño ulipopiga, serikali ya Malawi ilitangaza hali ya maafa mwezi wa Machi 2024 katika wilaya 23 kati ya 28.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapopita nyumba kwa nyumba tunaona jambo moja: maji yakipungua, watu wanapunguza kwanza yale ya kunywa. Mama anatunza bidoni kwa kupika na kufua, yeye anashinda na kikombe kimoja. Wengine hawanywi kwa sababu wanaogopa kwenda chooni usiku. Hii ni hatari, kwa sababu mwili hujipoza kwa jasho, na jasho linatokana na maji tunayokunywa.

Tufanye hesabu. Wakati wa joto mtu mzima anahitaji kunywa karibu lita 3 kwa siku, na mtoto mdogo lita moja au zaidi. Kwa baba, mama na watoto watatu, hiyo ni karibu nusu ya bidoni ya lita 20. Basi bidoni ya kwanza ya asubuhi itengeni: nusu yake ni ya kunywa tu. Inayobaki ni ya kunawa mikono na kupika. Kufua kungoje. Maji ya kuoshea vyombo yanaweza kumwagiwa mboga.

Msinywe maji ya mtoni au ya madimbwi bila kuyachemsha au kuyatia dawa ya klorini. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi wa Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700.

Mengine ya kufanya:
- Chota maji na fanya kazi za shamba au za kufyatua matofali asubuhi na mapema, au jioni.
- Usimwache mtoto wala mzee chini ya shitingi au mabati saa sita mchana. Mpeleke kivulini penye upepo.
- Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, hata kwenye joto. Mnyonyeshe mara nyingi. Anayehitaji maji zaidi ni mama.

DALILI ZA KUKAUKIWA MAJI
Mkojo mchache wenye rangi ya chai, mdomo mkavu, kichwa kuuma, kizunguzungu. Kwa mtoto: macho yamezama, analia bila machozi, utosi umebonyea. Akiharisha, mpe ORS. Kama huna, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogo kidogo, na umpeleke kituo cha afya.

HATARI KUBWA
Mtu akiwa na mwili wa moto sana, akiongea ovyo, akidegedega au akizimia, usingoje. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwilini, mpepee, na mwingine akimbie kuita msaada. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Jirani, mzee anayeishi peke yake na mama aliyejifungua juzi hawawezi kusimama kwenye foleni chini ya jua. Wapisheni mbele, au mpeni kijana mmoja kazi ya kuwachotea. Mkiwa kwenye foleni, anayetoka nyumbani aje na kikombe.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tunywe kwanza, mengine yafuate.