Kwa Nini Mbolea Huunguza Mahindi

Mkulima amepanda mahindi kwa wakati wake, na mvua imenyesha vema. Akanunua mbolea ya chumvichumvi, akaitia konzi kwa konzi penye shina, akitumaini mavuno makubwa. Baada ya siku chache majani yananyauka, na ncha zake zimekauka kana kwamba zimepitiwa na moto. Udongo umelowa maji, lakini mche wafa kwa kiu. Fedha imepotea, na mahindi yamepotea. Yafaa kila mkulima aijue sababu yake.

Mzizi umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, visivyoonekana kwa macho matupu. Kila seli imezungukwa na utando wa tabaka 2 za mafuta. Utando huu ni mwembamba hata tando 100,000 zikipangwa pamoja hazifiki unene wa milimita 1. Katikati ya mafuta hayo mna milango iliyofanywa kwa protini. Maji hupita upesi. Bali chumvi huzuiwa, isipokuwa ile iliyo na mlango wake.

Tena, maji yana desturi ya kuvuka utando kwenda upande ulio na chumvi au sukari nyingi zaidi. Kwa kawaida upande huo ni ndani ya mzizi, na kwa hiyo mmea hunywa. Lakini mbolea ikirundikwa karibu, maji ya udongo huwa na chumvi kupita ya ndani. Hapo maji hugeuka na kutoka katika mzizi.

Kama una shaka, jaribu nyumbani. Kata vipande 2 vya kiazi cha mviringo. Kimoja kitie katika kikombe cha maji matupu, na cha pili katika kikombe cha maji yaliyokorogwa na vijiko 2 vya chumvi. Kesho yake vishike: cha kwanza ni kigumu, cha pili kimelegea, kwa kuwa maji yake yametoka.

Chakula cha mmea hakiingii kwa wepesi kama maji. Seli hufanya kazi kukivuta kupitia milango yake, na nguvu za kazi hiyo hutokana na sukari pamoja na hewa iliyomo udongoni. Maji yakituama shambani, hewa hukosekana, kazi hudhoofika, na majani huwa ya manjano hata kama mbolea ipo tele.

Basi shika mambo haya:

1. Usiache mbolea iguse mbegu. Ifukie inchi 2 kando yake na inchi 2 chini yake.

2. Pima kwa kipimo kimoja kila shimo. Usikisie kwa konzi.

3. Tia mbolea udongo ukiwa na unyevu, wala si wakati wa ukavu.

4. Chimba mifereji mahali maji yanapotuama.

5. Ukiona umezidisha, mwagilia maji safi mengi, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi udongo wapitisha maji.

Mbolea ni chakula, na chakula kina kiasi chake. Mkulima aujuaye mlango wa mzizi hatupi fedha yake udongoni.